Ndiyo Iliyokwama Dukani Kwetu

Manyara ilipokatwa kutoka Arusha na Babati ikawa makao makuu ya mkoa, mume wangu aliota pembe. "Mkoa tunao," alisema, "kwa nini barua pepe zetu ziendelee kuomba lifti kwa watu?" Tulikuwa na duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na stendi, na juu ya paa dishi lililotuletea mtandao kutoka kampuni moja ya Dar es Salaam. Akachukua kompyuta kuukuu, akaigeuza seva ya barua, yaani posta yetu wenyewe humo humo dukani. Wateja waliotaka wakapewa anwani zinazoishia na jina la duka letu. Nilimwambia, "Baba watoto, anwani za bure zipo tele, na watu wanazitumia." Akanijibu kwamba sina maono. Haya.

Waliozitaka hizo anwani zetu walikuwa wachache, na niliyempenda kuliko wote ni mama mmoja wa Sigino, mjane, mkulima wa mahindi na maharage. Mwanawe wa pekee alikuwa anasoma Ulaya. Mama hakujua kusoma. Alikuja siku za mnada, anavua ndala mlangoni hata nimkataze vipi, namwamkia, ananiitikia marahaba ndefu, kisha anakaa kwenye stuli na kusema, nami nachapa. Alianza na ng'ombe, mmoja mmoja, halafu mvua, halafu majirani ambao nina hakika kijana alishawasahau. Ukijaribu kufupisha, anakushika. "Mbona vidole vimesimama? Ng'ombe mwenye baka umemwandika?"

Simu za mkononi zilikuwa zimeingia mjini, lakini kule kwake mtandao haukushika. Kwa hiyo mdomo wake ulikuwa vidole vyangu.

Siku moja nikamsomea barua ya kijana: amepata mchumba, binti wa nchi nyingine anayesoma naye huko. Picha ilikuwamo. "Mama," aliandika, "bila neno lako sisogei hata hatua moja."

Mama akaisogelea skrini mpaka pua ikaigusa. "Huyu anacheka vizuri," akasema. "Ugali atajifunza." Hata hivyo hakujibu siku ile. Jambo kama hilo mtu haliamui kwenye stuli. Akaenda kuzungumza na kaka zake, na mnada uliofuata akarudi na doti ya khanga mpya kwenye mfuko wa plastiki. "Andika: nimekubali. Amlete. Khanga yake hii hapa nimenunua, naiacha dukani kwako maana nyumbani panya watanitia aibu." Nikaandika, nikatuma. Tukacheka sana siku ile, hata ng'ombe akawasahau.

Barua nyingine ya kijana ikaja: "Mama, mbona kimya? Umenikasirikia?"

Sasa mtu atauliza, hamkushtuka? Jamani, sisi tulilelewa na posta ya stempu. "Zimepishana njiani," mama alisema, na mimi nikaona sawa. Tukaandika ndiyo ya pili. Baada ya muda seva ikatoa ujumbe wa Kiingereza: barua imechelewa, bado najaribu, huna haja ya kuituma tena. Nikamwita mume wangu. Akausoma akatabasamu. "Unaona? Mashine ina subira kuliko wewe." Na ili kuninyamazisha kabisa, akakaa kwenye kompyuta ya mlangoni, akaniandikia barua mimi niliyekuwa kwenye kompyuta ya dirishani. Ikafika papo hapo. "Nzima hii!" akasema, akaenda zake kunywa chai. Kutoka mlangoni mpaka dirishani! Hicho ndicho kipimo cha mtu mwenye maono.

Mnada mwingine nikafungua barua ya kijana, nikaanza kuisoma kwa sauti kabla sijaipitia mwenyewe. "Mama, nimekuelewa. Tangu utoto hujawahi kunikatalia kwa mdomo. Ukinyamaza, najua umekataa. Nimemwambia tuachane. Nisamehe kwa kukusumbua."

"Soma tena," mama akasema.

Nikasoma tena. Mama hakulia. Alivuta ndala zake, akazivaa humo humo ndani ya duka, akaondoka bila kuaga. Mimi ndiye niliyelia, kisha nikamgeukia mume wangu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Akaipigia simu kampuni. Kumbe! Walikuwa wameziba. Kuna wateja wao ambao kompyuta zao zilimwaga barua taka duniani, basi wakaamua seva ya mteja yeyote isipeleke barua nje moja kwa moja. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Za kuingia waliziacha zipite, ndiyo maana tulisikia kila kitu na sisi hatukusikika. "Tulitangaza kwenye tovuti yetu," kijana wa kampuni aliyepokea simu akasema kwa upole. "Pitisheni barua kwetu tu." Mume wangu akabadilisha mpangilio, kazi ndogo, chai yake haijapoa. Ndiyo zote mbili zikaondoka pamoja mchana ule, moja nyuma ya nyingine, na mimi nikizitazama.

Jibu lilikuja upesi. "Mama, barua zako zimefika zote leo. Asante. Ameshafunga mizigo akarudi kwao, na anwani yake ya chuo imefungwa. Sijui nimtafute wapi."

Mama aliporudi nikamsomea na kumweleza yote; nilitegemea atanitukana, na ningeshukuru. Alikaa kwenye stuli yake. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Mwanangu ataoa, ni mwanamume. Lakini yule binti, mwandikie. Mwambie sikumkataa."

"Nitaipeleka wapi, mama?"

"Wewe andika tu."

Nikaandika, pamoja na ng'ombe wote, kwa sababu safari hii aliwataja. Mume wangu aliizima seva ile mwaka uleule na hakuwahi kuitaja tena. Mama amekwisha kufariki. Lakini kabla hajafariki kijana alirudi akaoa mwalimu wa Singe, na siku ya harusi nilimpelekea mama ile khanga. Akanirudishia mkononi. "Hii ina mwenyewe," akasema. Ninayo mpaka leo, haijakatwa wala kupindwa. Na huko kwao yupo mwanamke, mtu mzima sasa, anayeamini kwamba mama mmoja wa Babati aliitazama picha yake akanyamaza.