Sentensi Hamsini Kuhusu Ua

Harufu ya dawa ya kuulia wadudu wa kahawa ndiyo iliyotuamsha asubuhi zile za mwezi wa tano, kwetu kwenye miteremko ya Kangundo. Ilikuwa harufu chungu ya kukwaruza koo, na ikishapita, mashamba yalinyamaza. Nyuki waliokuwa wakivuma tangu jua linapochomoza hawakuonekana tena kwa siku nyingi. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa darasa la sita. Kahawa ilikuwa ya jirani, lakini nyuki walikuwa wa wote, na malenge yalikuwa ya mama yangu, ambaye tulimwita Mwaitu kama Wakamba wengi wanavyowaita mama zao. Yalitambaa kutoka rundo la samadi hadi ukingo wa shamba, majani mapana yenye vinyweleo vya kuwasha, na bila nyuki yasingezaa. Mwaitu hakukubali. Aliichukua kazi ya nyuki akaifanya mwenyewe.

Alinifundisha bila kujua kwamba anafundisha. Tulitoka mapema, maana ua la malenge hufunguka alfajiri na kabla ya saa sita limeshanyauka. Tulikanyaga umande kwa miguu mitupu, yeye mbele, mimi nyuma na ungo. Aliniambia nisitazame uzuri wa ua, nitazame chini yake. Ua la kiume husimama juu ya kikonyo chembamba, kirefu, na ndani yake mna kijiti kimoja kilichojaa unga wa manjano. Ua la kike hukaa karibu na shina, na chini ya petali zake tayari kuna lenge dogo, saizi ya gololi. Tulichuma la kiume, tukalibandua petali, tukaupaka unga wake taratibu katikati ya la kike. Kila ua la kike tulilolisahau, lenge lake lilibadilika rangi, likalainika na kuanguka baada ya siku chache. Yaliyopakwa tuliyala hadi mwezi wa nane, yamepondwa pamoja na mahindi na maharagwe. Kwangu mimi hiyo haikuwa sayansi. Ilikuwa chakula.

Kisha Mwalimu Kyalo, aliyetufundisha sayansi, akachora ua la haibiskasi ubaoni: petali, stameni, chavua, ovari, kila kitu mahali pake. Ulikuwa mchoro mzuri, siwezi kumnyima hilo. Katika jaribio la mwezi huo akauliza kama ni kweli kwamba kila ua lina sehemu za kiume na za kike. Nikajibu si kweli. Daftari likarudi na kosa jekundu, na amri kwamba waliokosa waandike mara hamsini: kila ua lina sehemu za kiume na za kike. Wenzangu waliinamia madaftari yao. Mimi nikainua mkono.

"Mwalimu, ya malenge hayako hivyo. Kuna ua la kiume na kuna la kike, kila moja peke yake."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Hapa tunasoma kitabu," akasema, "hatusomi shamba ya mama yako."

Kama angetaja shamba la mtu mwingine, huenda ningeandika yakaisha. Lakini alimtaja Mwaitu, mbele ya watu, kwa kitu alichokijua vizuri kuliko kitabu. Nikafunga daftari. Nilichapwa fimbo tatu, nikafukuzwa nisirudi bila mzazi.

Mwaitu alikuja kesho yake amevaa nguo ya kanisani. Aliachia shule darasa la tatu, na kwake mwalimu alikuwa mtu wa kuitikiwa. Mwalimu Kyalo akamwambia, "Mama Ndinda, huyu mtoto wako ako na kichwa ngumu." Mwaitu akanigeukia, akanisihi polepole kwa Kikamba niandike tu, kwamba ni kalamu, haitanivunja mkono. Hilo liliniuma kuliko fimbo. Nilimjibu kwamba nikiandika, nitakuwa nimesema yeye ndiye anayetudanganya kila asubuhi shambani. Halafu akamwangalia mwalimu, sauti ikimtetemeka. "Mwalimu, huyu hataandika. Mpatie kazi ingine afanye."

Nilichota maji ya miche ya shule kila mchana hadi muhula ukaisha. Ile alama sikurudishiwa, na sikujuta hata siku moja.

Siku hizi kahawa nyingi kule imeng'olewa. Vitabu vya wanangu vinaonyesha mpapai dume na mpapai jike, na wao hubishana na walimu wao bila kuguswa. Nyuki ndio hawajarudi kama zamani. Hata huku Kinanie ninakoishi, malenge yangu nayapaka mwenyewe. Sitaki kuusifu utoto wangu kupita kiasi. Ulikuwa na malenge matamu, na ulikuwa na watu wazima waliopenda kuogopwa.

Mwaka jana nilikutana na Mwalimu Kyalo sokoni Kangundo, amestaafu, amebeba mfuko wa viazi. "Ndinda! Yule mbishi wa maua!" akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Lakini hata mimi nilikuwa najua. Kwetu malenge yalikuwa mengi. Sasa ningekubaliana na wewe, darasa lote lingenipanda kichwa. Pole."

Miaka yote nilidhani alikosea, na mtu aliyekosea ningemsamehe pale pale. Kumbe alijua. Alijua, na bado alitaka niandike mara hamsini, na mama yangu asimame mbele yake akitetemeka.

Nilimbebea mfuko wake hadi stendi, kwa sababu ni mwalimu wangu na mgongo wake umechoka. Alisema pole tena akiagana nami. Nilimtakia safari njema. Kwamba haina neno, sikumwambia.