Kijiji Ndani ya Kioo

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Wenzangu huogopa chui. Mimi, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, niliogopa samaki wadogo wasiozidi kidole.

Tulikuwa walimu wote wawili, mimi na mume wangu, katika shule ya msingi juu ya Lushoto, njia ya kwenda Shume. Mume wangu alikuwa na mikono isiyojua kutulia. Alichukua vioo vya madirisha ya zamani, akaviunga kwa fremu ya mbao na gundi ya mafundi, akapata sanduku la maji la kuweka darasani upande wa jua. Ndani akatia samaki wa aina tatu, wanne wanne: wenye milia kutoka kijito chetu, weupe wa mifereji ya mpunga ya Mombo, na wenye mkia mwekundu ambao kaka yake, mtu wa misitu, alimletea kwenye galoni kutoka mto Sigi. Watoto walifurahi mno. Mmoja akaandika kwa chaki kwenye ubao wa fremu, juu ya kioo: KIJIJI CHETU.

Katibu wa tawi alipita, akasoma, akacheka nusura kofia imdondoke. "Huu ndio umoja, mwalimu! Makabila matatu, nyumba moja. Mgeni wa wilayani akija lazima auone."

Hazikupita siku nyingi, wenye milia wakaanza kuwauma wenzao mapezi. Weupe walijibanza nyuma ya jiwe, hawatoki hata kwa makombo ya ugali. Wenye mkia mwekundu walipauka. Asubuhi moja tukamkuta mweupe mmoja anaelea tumbo juu, chini kidogo ya yale maandishi. Kijiji chetu, na maiti ndani yake.

 Watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wakihamishiwa kando ya barabara, na wengi hawakutaka. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani alilifanyia jambo hilo mzaha kilabuni. Muda si mrefu akahamishiwa kusini ya mbali, mkewe akabaki na mimba na shamba la viazi. Mdomo uliponza kichwa. Sisi hatukuwa tumesema neno, lakini samaki walikuwa wakitusemea.

"Baba watoto, futa yale maandishi," nilimwambia.

"Nifute? Katibu ameshayasoma. Akiuliza nani amefuta kijiji, utamjibu wewe?"

"Basi watoe hao wenye milia, uwarudishe mtoni."

"Niwafukuze wenyeji?" Akausukuma mlango ukafungwa. "Mama watoto, utanifungisha."

Alisema kweli. Kupunguza hatuwezi, kufuta hatuwezi; kilichobaki ni kuongeza. Mume wangu akakumbuka kwamba kule kijitoni wenye milia huenda kundi kubwa, wanafukuzana wao kwa wao mchana kutwa, wala hawana habari na samaki mwingine. Labda, alisema, wanauma wengine kwa sababu wamekosa wa kwao. Tukashuka na kanga yangu, tukavua wengine tele. Dereva wa lori la kabichi akatuletea ndoo ya weupe kutoka Mombo, na shemeji akaleta galoni la pili.

Vita vikaisha. Weupe walizunguka juu, wenye mkia mwekundu katikati, na wenye milia chini wakifukuzana kama watoto waliotoka darasani. Hakufa tena hata mmoja. Nikalala usingizi niliokuwa nimeusahau.

Mgeni akaja. Watoto wakaimba shikamoo zao, wazazi wakajaa mlangoni, na katibu akamwongoza hadi kwenye kioo. Mgeni aliinama, akatazama, akazidi kutazama.

"Ndugu mwalimu," alisema taratibu, "mbona kila mmoja yuko na wa kwao?"

 Jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho yetu, tukaliita amani, tusione kitu kingine. Wa Mombo juu, wa Sigi katikati, wa hapa chini, na hakuna aliyevuka. Katibu, aliyekuwa hodari wa kucheka, sasa alitazama viatu vyake.  Nikaliona basi la kusini. Nikamwona mume wangu amepanda, na mimi nimebaki barabarani na wanangu.

Mgeni akachomoa kalamu mfukoni, akagonga kioo nayo. Ko, ko, ko.

Samaki wote wakakimbilia pembe moja. Weupe, wenye milia, wenye mkia mwekundu, wakabanana ubavu kwa ubavu hata hujui nani ni nani.

"Naam!" mgeni akasema, uso ukakunjuka. "Sasa wameungana. Ni kuwaamsha tu."

Katibu akapiga makofi. Mume wangu naye akapiga, na wazazi mlangoni. Mimi nilipiga kuliko wote, viganja vikaniwasha. Nilimshukuru Mungu, na papo hapo nikajichukia.

Wageni walipoondoka, mume wangu aliwamwagia samaki makombo. Hakuna aliyesogea. Walikuwa bado pale pembeni, wamebanana. Nyumbani nilimtengea ugali na maharage. Akanawa mikono, akakaa mbele ya sahani, asiguse kitu.