Mirunda Minane Niliyoitoa Msibani

Admin, jina langu lifiche. Kama kuna mtu wa Nyakahura atanitambua kwa maelezo haya, basi anitambue, nimechoka. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka thelathini na tisa, nina mgahawa wangu hapa barabarani. Watu wananijua kwa mdomo. Ukinikosea nakwambia hapo hapo, sisubiri kesho. Ndiyo maana hiki ninachokificha kinanimaliza, maana sijazoea kukaa na neno tumboni.

Mgahawa ulikuwa vyumba viwili vya mbele vya nyumba yetu, katikati pana ukuta. Siku ya gulio wateja walikuwa wanakula wamesimama nje, nikataka ule ukuta utoke pawe ukumbi mmoja. Mume wangu akasema tuite fundi avunje tu, yaishe. Nikakataa. Nikamwambia, "Nyumba iko senta hii. Bila kibali watakuja kutuwekea alama nyekundu, halafu lawama zote kwangu." Basi nikahangaika mwenyewe halmashauri, leo nenda, kesho rudi, mara barua haina mchoro, mara mchoro hauna sahihi. Miezi mitatu. Mhandisi alipokuja akagongagonga ukuta, akapanda kuchungulia juu, akasema huo ndio umebeba kenchi za paa. Kibali akatoa kwa sharti moja. Isimamishwe mirunda, ile miti ya mikaratusi, ishikilie paa. Ukuta uvunjwe, imwagwe bimu ya zege. Na mirunda isitolewe mpaka yeye mwenyewe arudi kukagua. Nilitembea na ile karatasi kwenye mkoba wiki nzima, kila mteja nikamwonyesha.

Fundi nitamwita Deo, siyo jina lake. Ni mtu wa Kasulo kule Ngara, mpole, ana mke na watoto wawili. Alisimamisha mirunda kumi na miwili, akavunja ukuta, akamwaga zege, halafu akaaga kwenda kwao kuvuna maharage. Akaniambia, "Mama, hii mirunda hata mmoja usiguse. Zege juu linaonekana limekauka, ndani bado." Nikamjibu, "Kibali nimekifuatilia mimi, leo unanifundisha?" Tukacheka, akapanda pikipiki akaenda.

Siku ya sita tangu zege limwagwe, jirani wa nyuma akafiwa na baba yake. Wanaume watatu wakaja kwangu wanatafuta miti ya kusimamishia turubai la waombolezaji. Hapa kwetu kwenye msiba mtu hanyimwi kitu, atakuja achukue sufuria zako, viti vyako, na wewe utasema asante kwa kunikumbuka. Mama yangu alipofariki, huyo jirani ndiye aliyelala nje kwetu siku nne. Ningemwambiaje kwamba miti ninayo ila nina karatasi ya halmashauri? Nikapanda kwenye stuli, nikaligonga lile zege kwa ngumi, nikaona gumu. Nikasema chukueni minane, niachieni minne, mkishazika mnirudishie. Nilijiona mtu mwema kabisa siku ile.

Hawakurudisha. Mvua ilinyesha mfululizo msibani, kuni zikaisha, wakaikata ile mirunda wakaota moto. Mimi sikujua. Na hiyo mvua ndiyo iliyolowesha nyumba yangu pia. Siku ya nane, asubuhi kama saa tatu, wifi yangu, dada yake mume wangu, tuliyekuwa tunapika naye, nilimtuma ndani akanichukulie ungo. Nilimtuma mimi. Nikasikia mlio mmoja tu, halafu vumbi. Tulimtoa akiwa tayari ameshakata roho. Ameacha binti wa miaka mitano, analala na mimi.

Polisi walikuja, mhandisi naye akaja. Kwenye kifusi wakahesabu mirunda minne. Wakasema fundi alibana miti, bimu ile haikuweza kushikwa na minne. Deo alirudi mwenyewe mbio kutoka Kasulo kuja kutoa pole, wakamkamatia hapo hapo kwenye kilio. Analia anasema, "Niliweka kumi na miwili, muulizeni mama." Wakaniuliza. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni, macho mekundu, ameshika kitenge cha dada yake. Mdomo huu wote ninaosifiwa ukawa mzito. Nikasema mimi sielewi mambo ya ujenzi, sikuhesabu.

Wale wanaume watatu nao wamenyamaza. Mmoja alinifuata kisimani akaniambia, "Mama, sisi hatukuchukua kitu kwako, na wewe hukutupa kitu." Wanaogopa kama mimi. Juzi mke wa Deo alikuja na mtoto mgongoni, akapiga magoti. "Shikamoo dada. Wewe ulikuwepo. Sema tu kwamba miti ilikuwepo, sikuombi kingine." Nikampa chai. Chai, jamani. Nikamsindikiza mpaka barabarani nikarudi kuosha vyombo.

Jumatatu naitwa mahakamani, mimi ndiye shahidi wa kumwangusha Deo. Mume wangu kanipigia pasi gauni, na hajawahi kunipigia pasi nguo tangu anioe. Ananiambia, "Mama watoto, usiogope, waeleze tu ulichokiona, dada apumzike." Nikisema ukweli, atajua mbele ya watu wote aliyemuua dada yake ni nani, na yule binti anayeniita mama atakua anajua hivyo. Nisiposema, kuna watoto wawili Kasulo baba yao anafungwa kwa mirunda niliyoigawa mimi. Matusi yenu nayastahili, andikeni. Lakini kabla ya Jumatatu mtu mmoja aniambie: nikishaapa, mume wangu akiwa ameketi mbele pale ananiangalia, nianze na neno gani?