Taa ya Kombora na Pazia la Mama Mkwe

Mwanzoni mwa 2008, mji ulipochafuka baada ya uchaguzi, Mhindi niliyemfanyia kazi kwenye saiba yake ya intaneti hapa Nakuru alifunga duka, akaniambia nimhifadhie kompyuta moja kwangu mtaani Bondeni. Ndani yake mlikuwa na gemu ya ndege za kivita. Nikasema afadhali. Kazi hakuna, nje hakutokeki, angalau nitakuwa rubani.

Urubani wenyewe ulikuwa adhabu. Kombora la leza halina macho. Unalirusha ukiwa mbali, shabaha ikiwa kidoa tu kwenye kioo, kisha unaimulika kwa kitaa chekundu, nalo linakifuata. Sharti ukishike kitaa palepale mpaka litue. Ukitikisa kipanya kidogo tu, limekwenda kulima mchanga.

Na mkono ungetulia vipi katika nyumba ile! Mama mkwe alikuwa ametukimbilia kutoka Rongai na shuka mbili na sufuria. Nyumba yake, ya mabati, yenye tangi la maji ubavuni, aliyoijenga mwenyewe kwa pesa za mahindi ya shamba lake, aliiacha na kufuli. Jirani aliyeachiwa ufunguo hakushika simu. Kila siku mke wangu alipiga, kila siku kimya.

Sasa, kwetu watu wa magharibi mwa Kenya, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani ana kwa ana wala hawasemezani. Heshima si utumwa, walisema wahenga, lakini wao hawakukaa Bondeni katika vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia. Yeye alikaa chumbani, mimi sebuleni, na mke wangu akawa posta.

"Mama anauliza kama umekunywa chai."

Nimemsikia! Wapangaji wa ploti nzima wamemsikia! "Mwambie nimekunywa."

"Anasema hajasikia kikombe."

Kombora mchangani. Nilitamani kuitupa ile kompyuta dirishani.

"Anauliza unapiga nini."

"Nyumba. Iko na maadui ndani."

"Anauliza kama umewaona."

"Mwambie hii ni gemu!"

Alasiri moja nilifika shabaha ya mwisho, ambayo ilikuwa imenishinda wiki nzima. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani karibu na mamake, simu sikioni, na kule Rongai bado hakuna aliyeshika. Nilisogeza picha karibu: paa la mabati, tangi ubavuni. Nikarusha. Kwa mara ya kwanza mkono wangu ulitulia, kitaa kikakaa juu ya paa kama kimegundishwa.

Pazia likasogea. Niliinamisha kichwa kama inavyopasa, lakini kipanya sikukiachilia.

"Mkwe." Alikuwa yeye mwenyewe, nyuma yangu. "Toa taa kwa hiyo nyumba."

Hasira yote niliyokuwa nayo iliniishia hapo hapo, nikaona aibu. Nikasogeza kipanya. Kombora likakifuata kitaa, likaanguka mchangani, na nyumba ikabaki imesimama na tangi lake. Nikasikia pete za pazia zikirudi.

"Mama anasema..." mke wangu akaanza, kwa mazoea.

"Nimemsikia," nikamjibu. "Piga tena Rongai."