Fa Iliyokuwa Bubu

Nilipomwambia mama yangu kule Butiama kwamba tunarekodi albamu ya jazi, aliuliza magitaa yako mangapi na nani anaimba. Nikamjibu gitaa ni moja tu, la besi, na haimbi mtu. Akanitazama kwa huruma. Kwake jazi ni bendi ya dansi, tarumbeta na watu wazima wanasakata rumba. Sikumlaumu. Hata mimi niliujua muziki huu wa piano ukubwani, nikiwa tayari mwalimu Bunda, kwa kusikiliza redio. Kabla ya hapo nilikuwa napigia kwaya kinanda tu.

Tulikuwa watatu: mimi kwenye piano, mkulima wa pamba wa Nyamuswa kwenye besi, na fundi cherehani wa Mukendo kwenye ngoma. Kila Jumamosi tulikutana Musoma, katika ukumbi wa kanisa wenye piano kuukuu. Fundi ni Mwislamu, na wanakwaya walishazoea kumwona akivua viatu mlangoni bila kuambiwa na mtu.

Piano ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Noti ya fa ya katikati ilikuwa bubu, ukiibonyeza, kimya. Nililalamika juu ya fa hiyo kwa miaka miwili, mpaka mkulima akasema nitazikwa nayo. Hata hivyo nyimbo zote za albamu nilizitungia palepale, na nilioupenda kuliko zote ni "Stendi ya Bunda". Huo niliutunga peke yangu, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Tukampata mtu wa Mwanza mwenye vyombo vya kurekodia, naye alikuwa na siku moja tu ya kutupatia. Basi mimi, kwa kiherehere changu, siku moja kabla nikamwita mtengeneza piano bila kuwaambia wenzangu. Fa ikapona. Nilitaka iwe zawadi.

Asubuhi tukaanza na "Stendi ya Bunda". Ukavurugika. Tukarudia, ukavurugika tena. Mara ya nne nikasimama na kumgeukia mpiga ngoma wangu.

"Fundi, unagonga nini hapo? Unaifunika noti yangu!"

"Nagonga palepale nilipokuwaga nagonga siku zote."

"Tangu lini?"

Mkulima akaegemeza besi ukutani. Akatoa simu, akatusikilizisha mazoezi ya wiki iliyopita. Kila fa ilipotakiwa kulia, palikuwa na "ko!", kijiti kwenye ukingo wa ngoma. Miaka miwili nilikuwa nausikia mlio huo nikidhani ni madoido yake tu.

"Noti yako ilikuwa bubu, mwalimu," fundi akasema. "Nilikuwaga nakusitiri. Sasa imepona, kazi yangu imeisha. Pigeni nyie wawili."

Akaweka vijiti juu ya kiti, akaenda mlangoni kutafuta viatu vyake.

Hasira ilinipanda. Nilitaka kumwambia wimbo ni wangu na fa ni yangu. Lakini nilikuwa nimeshausikia kwa simu, na masikio yangu hayakutaka kunitetea. Ule wa kwenye simu ulikuwa unatembea. Wa asubuhi ile ulikuwa kama mtoto anasoma solfa, do re mi, ubaoni. Niliona aibu, na niliogopa kwelikweli kwamba akishavaa viatu vile hatarudi. Bila yeye hakuna albamu.

"Fundi, rudi," nikasema. "Fa tunaiua."

Nilijaribu kuiruka, nikashindwa. Kidole kilikuwa kimezoea kushuka hapo. Mtengeneza piano, aliyekuja kusikiliza matunda ya kazi yake, akashika kiuno.

"Jana nimeitengeneza, leo mnataka niinyamazishe?"

Fundi akarudi, akatoa kitambaa cha kanzu kwenye mfuko wake wa kazi, akachana kipande, na yeye na mtengeneza piano wakainamia ndani ya piano wakibishana unene unaofaa kuwekwa kati ya nyundo na waya. Mabishano yale yalichukua muda mrefu kuliko wimbo wenyewe.

Halafu tukapiga, mara moja tu, mwanzo mpaka mwisho. Mkulima alikuwa anacheka huku anapiga. Mimi sikutazama vidole vyangu hata kidogo, nilikuwa namtazama fundi. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile mbele ya piano.

Mtu wa Mwanza akavua vipokea sauti vya masikioni, akachukua kalamu.

"Huu mtunzi nani?"

"Andika sisi watatu," nikamwambia.

"Majina kamili."

Nikataja langu, nikataja la mkulima. Nilipofika kwa fundi nikakwama. Miaka miwili, Jumamosi kwa Jumamosi, nilikuwa namwita fundi tu. Ikabidi nigeuke nimuulize anaitwa nani.