Mbuzi Niliyemtoa

Mwaka niliokuwa darasa la tisa, mjomba wangu alikimbia nchi yake kila siku saa kumi na mbili jioni, baada ya kula. Alikimbilia kwenye meza yetu ya jikoni, mtaa wa Hallunda huku kwa Waswidi, ghorofa ya sita, kati ya sufuria ya maharage na chupa ya pilipili. Mimi nilikaa upande wa pili nimevaa miwani ya mama ya kusomea, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa afisa wa uhamiaji.

"Bwana," nilimwambia, "siku hiyo ulivaa viatu gani?"

"Hawaulizi viatu, wewe."

"Hujui. Safari hii watauliza."

"Jibu, mdogo wangu," mama alisema bila kugeuka, mikono ndani ya maji ya vyombo. "Vyeusi. Useme vyeusi."

Mjomba ni mdogo wake mama, wa mwisho kuzaliwa. Alikuwa amelala kwenye kochi letu zaidi ya mwaka akingoja karatasi ya kumruhusu kukaa. Ombi la kwanza lilikataliwa. Alikata rufaa, na kati ya yote aliyotueleza wakili, tulishika moja: hadithi isibadilike. Aliyosema siku ya kwanza ndiyo aseme siku ya mwisho. Ndipo mama akaanzisha mazoezi, kama kwaya, tofauti ni kwamba kwaya hupumzika Jumatatu.

Hadithi yenyewe niliijua kuliko Sala ya Bwana, mama asinisikie. Mjomba alikuwa fundi redio mjini Bujumbura. Watu walikuja kumtafuta dukani, akatokea mlango wa nyuma. Rafiki yake akamficha siku mbili kwenye banda la mbuzi. Alilitundika koti lake kwenye msumari, akalala, na alipoamka mbuzi alikuwa amelivuta chini na kutafuna kitambulisho kilichokuwa mfukoni, chote, pamoja na picha. Akatembea hadi mpakani bila karatasi yoyote, akavuka, akaingia Tanzania.

Kila alipofika kwa mbuzi nilicheka. Nilijitahidi nisicheke, lakini mjomba ana uso mrefu wa huzuni, na jinsi alivyosema "pamoja na picha" ilinishinda.

"Afisa hacheki," mama alisema.

"Mwache acheke," mjomba akajibu. "Hata yule wa kwanza alicheka kidogo."

Hilo neno lilibaki kichwani mwangu. Afisa wa kwanza alicheka, kisha wakamkatalia. Niliziunganisha hizo mbili kama mtu anayejua dunia. Nilikuwa na miaka kumi na tano.

Shuleni wakati huo tulikuwa tunasoma Wagiriki wa kale. Mwalimu wa historia alikuwa mzee wa fulana ya kufuma, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na alifundisha kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mifuko ya dukani. Lakini miungu aliipenda. Alichora ramani ubaoni na kutuuliza miungu ya Wagiriki ilitoka wapi.

"Ugiriki," nilisema, na darasa likacheka, maana nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hekima.

Akatikisa kichwa. Alisema kabla ya Wagiriki kulikuwa na watu wa kisiwa cha Krete, wenye majumba makubwa na michoro ya fahali. Mashariki yao, mahali ambapo leo ni Uturuki, walikaa Wahiti, na mbele zaidi Wababeli walioandika kwenye vibao vya udongo. Hadithi zilitembea kutoka kwa hao, pamoja na wafanyabiashara na mabaharia na wake walioolewa mbali, hadi zikafika kwa Wagiriki.

Mwenzangu wa dawati, ambaye ukoo wake ulitoka upande wa mto Tigri, alisema, "Kwa hiyo walituibia."

"Hawakuiba," mwalimu akasema. "Walisikia, wakasimulia kwa njia yao. Kila mji ulikuwa na njia yake. Wengine walisema mungu wa radi alizaliwa Krete, wengine wakasema hapana, ni mlimani kwetu. Hakukuwa na hadithi moja iliyo sahihi."

Nikanyoosha mkono. "Na hakuna aliyekataliwa rufaa?"

Walicheka wote. Mwalimu hakucheka. Alinitazama kidogo, kisha akaendelea na ramani.

Jioni nilimweleza mama habari za Wahiti. Nilizungumza naye kwa Kiswidi kama kawaida yangu, naye akasema nami kwa Kiswahili kama kawaida yake.

"Wahiti nawajua," alisema. Alikuwa ametoka kwenye zamu ya kuwatunza wazee, amekaa na miguu ndani ya beseni. "Ndio waliomuuzia Ibrahimu kaburi. Hao walikuwa watu wa maana. Hawakuwa na mambo ya miungu kula watoto."

"Mama, wao ndio walioanza. Mungu mmoja wao alimng'ata baba wa mbingu..."

"Wapi?"

Nikamwambia wapi.

"Wewe binti, tunakula hapa," mama akasema, ingawa hakuna aliyekuwa anakula.

Wiki ile wakili alitaka maelezo ya ziada kwa maandishi, yapelekwe mahakamani kabla ya siku ya kusikilizwa. Mjomba angeweza kuandika kwa Kiswahili yakatafsiriwa. Mama akakataa. Alishawatangazia kanisani kwamba binti yake anaandika Kiswidi kuliko Waswidi, na sasa alitaka faida. Nikapelekwa maktaba ya Hallunda na daftari la mjomba, kurasa nane za mwandiko uliolala chini kama majani yaliyopigwa mvua. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na insha yangu ya Wagiriki, nilikuwa na mtihani wa hesabu, na nje ilikuwa Novemba, giza tangu saa tisa mchana.

Nikafika kwenye mbuzi.

Nilikaa nikimtazama pale kwenye kioo cha kompyuta. Kwa Kiswidi alionekana mbaya zaidi. Kwa Kiswahili mbuzi ni mnyama anayekula vitu. Kwa Kiswidi, katika barua ya mahakama, alionekana kama kitu ambacho ningeandika mimi. Na mimi nilijua walimu wanavyosoma ninachoandika: kwa kutafuta mzaha uko wapi. Nikafikiri, mara moja tu katika maisha yangu, nifanye jambo kwa uzito. Nikamfuta. Nikaandika kwamba kitambulisho kilipotea njiani, gizani, karibu na mpaka. Nilipomaliza niliona imekaa vizuri, kama hadithi ya mtu mzima.

Nyumbani nilimsomea mjomba nikitafsiri kwa Kiswahili, na nilipofika pale nilimsomea mbuzi, kwa sababu ndicho alichotarajia kusikia. Nilimsomea hata "pamoja na picha". Akatabasamu, akaweka sahihi.

Wiki mbili baadaye mwalimu alirudi kwenye swali lake. Tunajuaje kwamba hadithi za Wagiriki zilitoka kwa wengine? Watu wanaweza kuota ndoto zinazofanana. Akasema, tazameni vile vitu visivyofaa. Baba anameza watoto wake, mama anampa jiwe lililofungwa nguo za mtoto, naye analimeza bila kutazama. Nani angekaa chini atunge hivyo? Kwenye vibao vya Wahiti, vya zamani kuliko maandishi ya Wagiriki, kuna mungu mwenye tumbo lililojaa miungu, na jiwe limo.

"Kitu cha ajabu hakitungwi," alisema. "Kinabebwa. Mtu anaona aibu nacho lakini anakibeba, kwa sababu ndivyo alivyokipokea. Wanaokuja nyuma ndio wanaosafisha." Akageuka ubaoni. "Mtoto aliyeokolewa alifichwa pangoni Krete, akanyonyeshwa na mbuzi. Wengine waliona haya, mungu mkuu kunyonya mbuzi. Wakasema hapana, alikuwa msichana mzuri wa milimani. Ninyi mnamwamini yupi?"

"Mbuzi," mwenzangu akasema.

Mwalimu alinisubiri kidogo, maana nafasi kama ile sikuwahi kuiacha ipite. Nilikuwa natazama ubao, na tumbo langu lilikuwa na jiwe.

Ningeweza kusema siku ile. Nilipanda treni ya laini nyekundu kutoka shuleni, nikashuka, nikapanda lifti, nikamkuta mjomba anapiga pasi shati la mahakamani, na sikusema. Kesho yake vilevile. Nilijiambia kwamba labda hawasomi. Wamechoka na wao, nani anasoma kurasa nane.

Walisoma.

Mjomba alirudi kutoka mahakamani na mama Ijumaa mchana, wakakaa jikoni na makoti yao. Mama alimimina chai, hakuna aliyeigusa.

"Wameniuliza mbuzi ameenda wapi," mjomba alisema.

Alisema taratibu. Jaji alimwambia kwamba mwanzo alisema mbuzi, na sasa ameandika kilipotea njiani. Kipi ni kweli? Na mjomba, ambaye alikuwa amekimbia nchi yake kwenye meza hii mara zaidi ya mia, hakuweza kujibu. Alisema, sijui.

"Kwa nini useme hujui?" mama akauliza. Hakuwa na hasira, hakuwa na nguvu ya hasira.

"Kwa sababu sahihi ni yangu, dada. Nilidhani labda niliandika hivyo. Nimesema sana. Nimesema mpaka siioni tena. Pale mbele yao nikajiuliza, huyu mbuzi nilimwona, au nilimwota?"

Akanigeukia, kwa upole kabisa. "Wewe uliniandikia. Unakumbuka? Nilikuwa nimeweka mbuzi?"

Kuna vichekesho vingi ambavyo huwa navyo tayari mdomoni. Hakuna hata kimoja kilichokuja.

"Ulimweka, mjomba. Mimi ndiye nilimtoa."

Mama aliweka kikombe chini.

"Nilitaka wakuamini," nikasema. "Alikuwa anachekesha."

Mjomba akafumba macho, na kitu cha kwanza nilichokiona usoni mwake hakikuwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyerudishiwa mzigo wake kituoni.

"Kumbe nilimwona," alisema.

"Mbona ulimsomea tofauti, hapa hapa nikisikia?" mama akaniuliza. "Miezi yote hii nakwambia afisa hacheki. Ulipoacha kucheka ndipo ukatuharibia." Akaenda chumbani, akafunga mlango bila kuubamiza, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Redio zangu walichukua," mjomba akasema tulipobaki wawili. "Rafiki yangu sijui yuko wapi. Yule mbuzi ndiye shahidi niliyebaki naye, na wewe ukamfukuza."

Niliandika barua. Safari hii nilimsomea mjomba neno kwa neno, mama akiwa amekaa katikati na miwani yake mwenyewe, akifuata kila mstari kwa kidole. Niliandika kwamba nina miaka kumi na tano, kwamba mimi ndiye niliyetafsiri, kwamba katika daftari la mjomba ukurasa wa tano mbuzi yupo, na nakala ya ukurasa huo imeambatishwa. Niliandika kwamba nilimtoa kwa sababu nilidhani ukweli lazima uwe na adabu. Mama akasema hiyo ya adabu niitoe. Mjomba akasema ibaki. Wakili akaipeleka.

Kisha tukangoja tena. Mazoezi ya jioni yalikwisha, hakuna aliyetangaza, siku moja tu tulikula tukaosha vyombo tukalala. Insha yangu ya Wagiriki ilipata alama ya kawaida. Mwalimu aliandika pembeni kwamba ninajua zaidi ya nilichoweka.

Jibu lilikuja mwezi wa nne, bahasha nene. Mimi ndiye niliyeifungua, kwa sababu mimi ndiye msomaji. Ameruhusiwa kukaa. Walieleza kwa kurasa nyingi, habari za nchi, habari za watu waliomtafuta. Kuhusu mbuzi kulikuwa na sentensi moja, kwamba maelezo yaliyotolewa kuhusu tofauti hiyo yanakubalika. Mjomba aliniomba niisome hiyo mara tatu. Kisha akalala kwenye kochi, na viatu, mpaka kesho yake mchana.

Kiangazi watu wa kanisa walichoma nyama kando ya ziwa, chini ya Hallunda. Kulikuwa na kijana mgeni, ndio kwanza amefika, na alimuuliza mjomba alitokaje kule. Mjomba aliweka sahani chini. Akaanza na mlango wa nyuma, akafika bandani.

"Siku tatu," alisema. "Na mbuzi wawili. Mmoja alikula kitambulisho, wa pili akaanza na kiatu."

Watu wakacheka. Mama alinitazama kutoka upande wa moto. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, siku mbili zikiwa kwenye ulimi, na mjomba akaniona.

"Afisa," akasema, "una swali?"

"Sina, bwana," nikasema. "Endelea."