Upande wa Kushoto

Mtu wa kwanza kugongana na mume wangu siku ile alikuwa maiti. Alikuwa kijana aliyeviringishiwa bendeji kuanzia utosini hadi miguuni, kasimama mkono wa kushoto wa lango, na kazi yake ilikuwa kuwatisha wageni. Watoto walimwona tangu tulipokuwa kwenye foleni. Mama mkwe wangu alimwona, akaguna. Mimi nilimwona na nikajiandaa kupiga ukelele wa kuwafurahisha watoto. Mume wangu alikuwa akizungumza, hotipoti la pilau mikononi, akamvaa yule maiti bega kwa kifua. Hotipoti likaanguka mchangani, na maiti akasema, "Samahani, mzee."

Tulicheka sana. Hata yeye alicheka. Lakini kabla ya kucheka aligeuza kichwa chote, taratibu, kama mtu aliyesikia kitu gizani na hajui kimetokea wapi. Na jua lilikuwa linawaka.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Bustani ile ya michezo ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, kusini mwa mji wetu, pembeni mwa barabara ya Pangani, ndani ya shamba la minazi la mzee mmoja mwenye asili ya Oman. Ukoo wake uliwahi kuwa na jumba la sinema mjini. Jumba lilikufa, yeye mapenzi ya sinema hayakumtoka, na uzeeni akaamua kuzijenga zile picha zake kwa mbao na saruji. Kulikuwa na mtaa wa makauboi wenye maduka yasiyo na nyuma. Kulikuwa na meli ya maharamia inayobembea, nyumba ya mizimu, kiwanja cha vigari vya kugongana kilichochorwa kama mji wa majambazi, na ukumbi mdogo wa sinema ambao viti vyake hutikisika. Watoto wetu walikuwa wameiimba bustani hiyo tangu Krismasi.

Tulikuwa watano. Mume wangu ni dereva wa lori. Alikuwa akibeba marobota ya mkonge kutoka mashambani hadi bandarini, na kwa miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kumkwaruza hata mbuzi. Mama yake ni Msambaa wa Lushoto, aliyeshuka milimani na mumewe kuja kukata mkonge, akazeekea huku pwani. Ni mjane, na tangu tuoane anakaa nasi. Kisha watoto wawili, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza sekondari na mdogo wake wa kiume wa miaka saba. Tulikwenda na gari letu dogo kuukuu, na njia nzima watoto waligombania dirisha.

Baada ya lango tulianza na vigari. Binti alichukua kimoja, mdogo wake akapanda pamoja nami, na baba yao akapewa cha peke yake, chekundu. Watu waliokuwa wamesimama kwenye ukingo walimjua, wakapiga kelele kwamba leo dereva kaingia, wengine watafute pa kukimbilia.

Wakamgonga kila upande. Watoto wadogo wasiojua hata kushika usukani walimjia ubavuni na kumpiga dafrau, naye kila mara alishtuka mwili mzima, kama hakuona kitu mpaka kilipomfikia. Aliyekuja mbele yake alimkwepa vizuri. Aliyetoka ubavuni alimpata. Binti yetu aligundua hilo haraka, akawa anazunguka na kumvizia kushoto, anampiga, anazunguka tena, huku akicheka mpaka machozi.

"Baba hajui kuendesha!" mdogo wake alipaza sauti kutoka mapajani mwangu, na uwanja mzima ukacheka.

Mume wangu alishuka kabla muda haujaisha. Alisema kigari chake kibovu.

Nikajiambia amechoka. Wiki ile alikuwa amesafiri sana. Mtu akishazoea kumwamini mwenzake barabarani, ni vigumu kulitazama jambo kama lile usoni. Unalipatia jina dogo na kuendelea na sikukuu.

Kwenye nyumba ya mizimu niliwaachia wanaume. Binti alikataa kuingia na mimi sipendi giza, kwa hiyo baba na mwana wakaingia wamefuatana. Kutoka ndani tulisikia minyororo, vilio vya kwenye spika, na watu wazima wakipiga mayowe bila haya. Walioingia baada yao wakatoka. Wengine walioingia baada ya hao nao wakatoka. Nilikuwa nimeshaanza kuelekea kwa mkata tiketi ndipo pazia lilipofunguka na mwanangu akatoka akimvuta baba yake kwa vidole viwili. Mtoto alikuwa anacheka. Baba yake alikuwa ameloa jasho, shati limemganda mgongoni, na alisimama kwenye mwanga akipepesa macho muda mrefu.

"Baba aliogopa," mtoto akaniambia. "Alishika ukuta tu. Mimi ndiye nimemwonyesha njia."

Nilimtazama mume wangu anieleze. Akasema mle ndani pamejaa moshi, na wamiliki wanapaswa kuweka taa. Kisha akauliza kama chakula kiko tayari.

Tulikula chini ya banda la makuti. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani, mazito, ya masika, lakini hakuna aliyeyajali. Watu walikuwa wanatandika mikeka, wanapakua, wanaitana. Nilimwekea mume wangu sahani na kikombe cha chai ya maziwa kando ya kushoto. Alipeleka mkono kuchukua chumvi, akakipiga kikombe, chai ikamwagikia khanga ya mama yake. Mkono wake uliendelea kwenda mpaka ukaipata chumvi. Hakujua kama amemwaga chai mpaka aliposikia watoto.

Aliinuka kwenda kutafuta maji ya kusafishia. Mama mkwe wangu hakujifuta. Alimfuata mwanawe kwa macho mpaka alipopotea kati ya watu, na nilipoinama kumsaidia akanishika kifundo cha mkono.

"Marehemu baba yake alianza kwa kumwaga chai," alisema.

Nilimwuliza ana maana gani. Baba mkwe sikumkuta. Nilichokijua ni kwamba alifariki akiwa kipofu, na siku zote niliambiwa ni utomvu wa mkonge uliomrukia machoni. Mama mkwe akanieleza, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, kwamba habari ya utomvu ilikuwa ya kuwaambia watu. Mumewe hakurukiwa na chochote. Alianza kwa kumwaga vitu, kisha kujikwaa mashimoni usiku, kisha kuwapita jirani zake bila salamu hadi wakadhani ana kiburi. Siku moja aliamka akamwuliza kwa nini hajafungua dirisha, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mwanao anajua?" nilimwuliza.

"Anajua baba yake alikufa haoni. Mengine hajawahi kuniuliza."

Mume wangu alirudi na ndoo ya maji, anatembea akiburuta miguu kama anayepapasa njia. Nilishangaa niliwezaje kuishi na mwendo ule bila kuuona.

Baada ya hapo sikuona tena michezo. Niliketi kwenye ukumbi wa sinema nimevaa miwani ya makaratasi, viti vinatikisika, joka linatoka kwenye pazia kutujia, watu wote wanarudisha vichwa nyuma, na mimi namtazama yeye tu. Alicheka wengine walipocheka, lakini kila mara alichelewa kidogo. Nikaelewa kuwa alikuwa akifuata sauti zetu. Na mwenendo ule haukuwa wa siku moja. Mtu hujifunza kucheka hivyo kwa muda.

Tulipotoka, alisema tuondoke. Jua lilikuwa bado lipo, ila mawingu yalikuwa yameshalikaribia. Watoto wakaja juu: onyesho la mwisho lilikuwa halijaanza, lile la nyumba kuteketea na mtu kuruka kutoka ghorofani, na ndilo lililotangazwa redioni. Kwa kawaida baba yao ni mtu wa kubembelezeka. Safari hii aliwakaripia mpaka mdogo akanyamaza kwa kwikwi, na bibi yao, ambaye huwatetea kwa lolote, alikuwa wa kwanza kufunga kikapu chake.

Kwenye maegesho tulikuta basi la kukodi limesimama nyuma ya gari letu, limetuziba kabisa. Dereva wake alikuwa ndani ya bustani anatazama onyesho. Mlinzi akaenda kumtafuta, hakurudi. Mume wangu alilizunguka basi lile, akaligonga mlango, akalizunguka tena. Kila baada ya muda aliangalia juu. Kutoka ng'ambo ya uzio tulisikia umati ukihesabu kwa sauti, kisha moto ukalipuka, na vivuli vya minazi vikatujia mpaka miguuni. Watoto walipanda juu ya boneti kuchungulia. Mimi nilikuwa nawaza barabara.

Dereva wa basi alipopatikana, ilikuwa magharibi na manyunyu yameanza.

Nilitaka kusema kitu kabla hajawasha gari. Nilikuwa na maneno, lakini watoto walikuwa nyuma wanasikiliza, na yeye alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili kama anayejifunza. Nikamwambia tu aende polepole. Akaitikia kwamba ataenda polepole.

Barabara ilikuwa na watu wa sikukuu wanaorudi makwao, wengi kwa miguu, kando ya kushoto, upande wangu, wamejifunika mifuko vichwani. Taa zetu ziliwapata wakiwa karibu sana. Nikaanza kumtajia. Kuna mama na watoto. Kuna kijana anasukuma toroli. Mwanzo alinijibu kuwa amewaona, kila mara akiwa ameshawapita. Baadaye akaacha kujibu, akawa anauvuta usukani kulia kila niliposema. Nyuma, mama mkwe alikuwa anasali kwa Kisambaa.

Tulipokaribia Tongoni nilipiga chafya. Ni hilo tu. Nilifumba macho kwa chafya moja, na nilipoyafumbua baiskeli yenye mzigo wa majani ya ng'ombe ilikuwa kwenye kioo cha upande wangu. Nilipiga kelele. Kitu kikapasuka, kioo cha pembeni kikang'oka, majani yakasambaa juu ya dirisha langu, na gari likaenda kusimama mbele.

Mume wangu alikuwa bado anatazama mbele.

"Nimegonga nini?" aliuliza.

Nilitoka mbio. Mwenye baiskeli alikuwa mzee wa makamo, ameketi kwenye nyasi za ukingoni, kofia yake ya viua ingali kichwani, anajipapasa goti. Mungu alimsitiri, tulichokigonga ni mzigo. Nilimpa shikamoo nikiwa nimepiga magoti kwenye maji, nikamwomba radhi, naye akaitikia marahaba kabla ya kuuliza kama tumelewa.

"Hatujalewa," nilimwambia. "Mume wangu haoni."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza neno hilo kusemwa, na alilisikia mtu nisiyemfahamu. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye mvua.

Hakukanusha. Alimwomba yule mzee radhi kwa adabu zote, akamwinua, akaisimamisha baiskeli. Kisha akaniambia tuingie garini, mji hauko mbali, tutatambaa tu. Nikarudi garini kabla yake na kuuchomoa ufunguo.

"Huendeshi tena," nilisema.

"Nani ataendesha?"

"Sijui. Lakini wewe huendeshi tena."

Aliketi kwenye kiti chake, mlango wazi, mguu mmoja nje unalowa. Aliniambia upande ule ulianza kumpotea mwaka uliopita, na sasa hata ule mwingine unasogea ndani, kama mlango unaofungwa na mtu taratibu. Alisema lori analijua, njia anaijua, na alidhani atafika nalo mpaka binti amalize shule. Binti yetu alikuwa nyuma yake, anasikia kila neno. Nikamwona anaukumbuka uwanja wa vigari. Aliinama, akauficha uso kwenye mapaja ya bibi yake.

Yule mzee wa baiskeli, tuliyekaribia kumuua, ndiye aliyetusukumia gari mpaka uani kwake, hatua chache kutoka barabarani. Mkewe akatupa vitambaa vya kujifutia na chai ya tangawizi, wala hakuuliza mengi. Nilimpigia simu kaka yangu, akaja kutoka mjini kwa bodaboda, akatuendesha hadi nyumbani. Mume wangu alikaa nyuma kati ya watoto.

Hospitali walituambia ni presha ya macho. Daktari alikuwa mpole na hakutuficha: kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ya matone italinda kilichobaki, kama kitalindika. Mume wangu alikwenda mwenyewe kumweleza tajiri yake. Nilimsindikiza hadi getini, nikamwacha aingie peke yake kwa sababu ndivyo alivyotaka. Walimwondoa barabarani na kumweka kusimamia upakiaji. Kila jioni anaegemeza kichwa kwenye kochi nami namdondoshea dawa machoni, naye huniambia alichokiona siku hiyo na ambacho hakukiona. Siku hizi hanifichi.

Daktari alisema pia ugonjwa huo hutembea katika damu, tuwapeleke watoto. Tuliwapeleka wakati wa likizo. Wa kiume alipimwa haraka, akatoka akidai soda. Binti alikaa ndani muda mrefu. Daktari alimpima, akabadilisha taa, akampima tena, akamwita mwenzake. Walizungumza kwa sauti ndogo juu ya kichwa chake, na yeye alikuwa ameweka kidevu kwenye kile chombo, hatingishiki, anatazama mbele kama alivyoagizwa.

Walisema ni mapema mno kusema lolote. Arudishwe kabla ya mwaka kwisha.